Chanuo Likijaa Nywele Baada ya Uzazi

Kabla hujanunua chupa ya mafuta ya kuotesha nywele, tafuta kalenda. Hesabu miezi kuanzia siku uliyojifungua mpaka siku ulipoanza kuona chanuo linatoka na mafungu. Hesabu hiyo haigharimu hata shilingi, na itakwambia mengi kuliko muuza vipodozi anayekuapia kwamba mafuta yake yamewaponya wazazi wote wa mtaani kwao.

Nywele huleta habari kwa kuchelewa. Jambo lililoupata mwili leo litaonekana kichwani baada ya miezi 2 au 3. Mama anayeona nywele zinamwisha wakati mtoto ana miezi minne huanza kutafuta mchawi wa wiki hii: shampuu mpya, msusi mpya, kunyonyesha, au jicho la jirani. Mara nyingi kilichosababisha kimeshapita zamani. Na mara nyingine, si nyingi lakini za kutosha kumfanya mtu awe macho, chanzo kiko shingoni, kwenye tezi ya thairoidi, ambayo huweza kuyumba katika miezi ileile ambayo kila mtu anakwambia, "Ni uzazi tu, zitarudi."

Kinachotokea kichwani

Kichwa cha mtu mzima kina nywele zipatazo 100,000. Kila unywele unakua kwa miaka 2 hadi 6, unaacha kukua, unapumzika kama miezi 3, kisha unadondoka ili mwingine uote kwenye tundu lilelile. Wakati wowote, karibu nywele 9 kati ya 10 ziko kwenye kukua. Ndiyo maana tunapoteza nywele 50 hadi 100 kila siku bila mtu kuona upara.

Mimba hubadili mpangilio huo. Homoni ya estrojeni inapopanda, nywele ambazo zingekuwa zimeshakwenda kupumzika huendelea kukua. Huo ndio ujazo ambao shoga zako walikusifia ulipokuwa na mimba ya miezi saba. Ukishajifungua, estrojeni hushuka ghafla, nywele zote zilizokuwa zimecheleweshwa zinaingia mapumzikoni kwa mkupuo, na baada ya miezi 2 hadi 4 zinaondoka kwa mkupuo. Sehemu kubwa ya unazoziona sakafuni ni zile ambazo zilitakiwa kudondoka kidogo kidogo ukiwa bado mjamzito.

Daktari wa ngozi wa Marekani, Albert Kligman, ndiye aliyeielezea kitaalamu namna hii ya kunyonyoka mwaka 1961. Uzazi ni mmoja tu wa mishtuko inayoisababisha. Homa kali, upasuaji, kupoteza damu nyingi, kula kidogo mno kwa ajili ya kurudisha tumbo: kila kimoja kinaweza peke yake. Mama aliyejifungua kwa kisu, akavuja damu, kisha akaugua malaria wiki mbili baadaye, ana sababu tatu au nne zilizolundikana, na asishangae nywele zake zikitoka kuliko za dada yake aliyejifungua salama mwaka jana.

Kalenda ya kawaida basi ni hii. Kunyonyoka huanza mwezi wa 2 hadi wa 4 baada ya kujifungua, hufika kileleni kwenye mwezi wa 4 au wa 5, hupungua kuanzia mwezi wa 6, na mtoto anapotimiza mwaka akina mama wengi wamerudi walipokuwa. Dalili njema ni vinywele vifupi vinavyosimama wima mbele, kwenye paji. Vinachukiza kwa sababu havikubali kulala hata kwa jeli, lakini ndivyo unavyotaka kuviona. Kunyonyesha hakusababishi kunyonyoka huku, na kuacha kunyonyesha hakukuzuii. Atakayekushauri umwachishe mtoto ziwa ili unusuru nywele, msikilize kwa adabu na uendelee kunyonyesha.

Namna ya kujipima kama unasuka

Ushauri wa kuhesabu nywele zinazodondoka kwa siku unamfaa anayechana nywele kila asubuhi. Wewe uliyekaa na rasta wiki 6 huwezi kuhesabu hivyo, kwa kuwa kila unywele uliong'oka siku ya tatu au ya ishirini umebaki umebanwa ndani ya msuko. Piga hesabu: nywele 50 hadi 100 kwa siku, mara siku 42, ni nywele 2,100 hadi 4,200. Rundo hilo linatisha, na hata hivyo ni la kawaida kwa mwanamke ambaye hajawahi kubeba mimba. Usijihukumu siku ya kufumua.

Kaa wiki moja au mbili na nywele zako zenyewe, kisha fanya jaribio hili siku ambayo hujaosha wala kuchana. Shika kati ya vidole kifungu chembamba cha nywele kama 50, ukivute taratibu kutoka kwenye shina mpaka ncha. Rudia sehemu tatu nne: mbele, utosini, pembeni, kisogoni. Zikitoka moja au mbili, tulia. Zikitoka zaidi ya 5 kila unaposhika, nywele zinanyonyoka kweli na unastahili kutafuta sababu.

Kisha zitazame zilizotoka. Unywele ulionyonyoka ni mrefu kama wenzake na una kijishina cheupe upande mmoja. Uliokatika ni mfupi, hauna shina, na mara nyingi ncha yake imechanika. Zinazokatika ni kesi ya saluni: dawa ya kulainisha, pasi ya moto, ukavu, kuchana kwa pupa. Vipimo vya damu havitazisaidia. Akina mama wengi huwa na yote mawili kwa pamoja, na hapo ndipo mafuta ya nazi yanapata sifa yasiyostahili: yanapunguza kukatika, mama anaona nafuu, anaamini yameotesha. Yapake, hayana ubaya. Usiyategemee kufanya kazi ya homoni.

Tezi inapoingia

Thairoidi ni tezi yenye umbo la kipepeo iliyo mbele ya shingo, chini kidogo ya kikoromeo. Homoni zake ndizo zinazopanga kasi ya mwili mzima: moyo, tumbo, joto, hedhi, na pia vishina vya nywele. Ikizembea, nywele hupumzika kabla ya wakati, huwa kavu na nyembamba. Ikizidisha kasi, nazo hunyonyoka. Kwa hiyo kichwa peke yake hakiwezi kukwambia tezi imeelekea upande gani.

Baada ya uzazi, kinga ya mwili iliyokuwa imetulizwa na mimba huamka. Kwa baadhi ya wanawake, takriban 5 kati ya kila 100 kwa makadirio yanayotofautiana nchi kwa nchi, kinga hiyo huishambulia tezi ndani ya mwaka wa kwanza. Tezi iliyojeruhiwa huvujisha homoni ilizokuwa imeziweka akiba, na mama hupita kipindi cha mapigo ya moyo kwenda mbio, mikono kutetemeka, joto, hasira za karibu na kukonda haraka. Hii ni katika miezi michache ya mwanzo, na wengi hawaitambui, kwa sababu mama gani wa mtoto mchanga ambaye hana usingizi na hasira? Akiba ikiisha, kuanzia mwezi wa 4 hadi wa 8 hivi, hali hugeuka: uchovu usioisha hata ukilala, baridi wakati wenzako wanajipepea, choo kigumu, ngozi kavu, uzito kupanda, sauti kukwaruza, maziwa kupungua, moyo kuwa mzito. Linganisha miezi hiyo na ile ya kunyonyoka kwa kawaida, utaona inagongana. Ndiyo maana tatizo hili hujificha vizuri kiasi hicho.

Wanaopaswa kuwa makini zaidi ni wenye kisukari cha aina ya kwanza, wenye ndugu wa damu waliougua tezi, waliowahi kuwa na rovu, na waliopata hali hii mimba iliyopita, maana hupenda kurudi. Wengi hupona ndani ya mwaka mmoja hadi mmoja na nusu. Wengine tezi hubaki imelala moja kwa moja na watahitaji dawa maisha yao yote, kwa hiyo hata aliyepona apime mara moja kila mwaka.

Zipo ishara zinazonifanya nimwambie mama asisubiri: nywele zilizoanza kunyonyoka akiwa bado mjamzito, wakati ambao zilipaswa kujaa, kunyonyoka kunakoendelea bila kupungua baada ya mtoto kutimiza mwaka, nyusi kupukutika upande wa nje, kuelekea kwenye masikio, shingo kuvimba mbele, macho kutokeza, au nywele pamoja na dalili mbili tatu kati ya nilizozitaja juu. Moyo ukienda mbio hata umelala, au pumzi ikikatika, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Siku ya chanjo ni siku yako pia

Kuna kasoro katika utaratibu wa kliniki zetu ambayo ni vizuri uijue. Mahudhurio ya mama mwenyewe huisha kwenye siku ya 42 hivi baada ya kujifungua. Baada ya hapo kadi ni ya mtoto: chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14, kisha surua mwezi wa 9. Nywele za mama huanza kutoka karibu na ile chanjo ya wiki ya 14, na tezi huzembea kati ya hapo na ya surua. Kipindi kizima cha hatari hakina miadi yenye jina lake.

Basi tumia miadi ya mtoto. Mtoto akishapimwa uzito na kuchomwa sindano, usinyanyuke. Sema hivi: "Nesi, na mimi nina shida. Nimejifungua miezi minne iliyopita, nywele zinanyonyoka, nachoka mchana kutwa na nasikia baridi. Naomba kuonana na daktari, nipimwe damu na tezi." Taja tarehe ya kujifungua, taja dalili nyingine zaidi ya nywele, na taja ndugu mwenye tatizo la tezi kama yupo. Ukisema "nywele zinakatika" peke yake utaambiwa ubadilishe shampuu, na aliyekwambia hivyo hatakuwa na kosa kubwa.

Kipimo cha kwanza kinaitwa TSH. Kikiwa nje ya kiwango hufuatwa na cha thairoksini, kinachoandikwa FT4. Pamoja navyo omba wingi wa damu, na feritini ikiwa maabara inaipima, kwa sababu hiyo inaonyesha akiba ya madini ya chuma. Zahanati nyingi hazina kipimo cha TSH; uliza hospitali ya wilaya au ya mkoa, na kama una bima ya afya uliza kwanza kama kinalipiwa na wapi. Kama TSH yako ni ya kawaida na damu iko sawa, usilipie kifurushi kizima cha homoni kwa wasiwasi tu.

Hapa lazima niseme juu ya vidonge vya nywele, kucha na ngozi. Vingi vina biotini kwa kiasi cha mikrogramu 5,000 au 10,000, wakati mama anayenyonyesha anahitaji kama 35 kwa siku, na anazipata kwenye mayai, maharage na karanga. Tatizo lake ni kubwa kuliko pesa. Biotini nyingi huvuruga mashine za maabara: TSH inaweza kusomeka chini na thairoksini juu, mtu akaonekana ana tezi inayokimbia ilhali ni nzima, au iliyolala ikaonekana nzima. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa onyo kuhusu jambo hili mwaka 2017. Acha vidonge hivyo angalau siku 2 kabla ya kutoa damu, na mwambie mpimaji ulikuwa unavitumia.

Ukiandikiwa dawa

Kwa tezi iliyolala dawa ni levothairoksini, ambayo ni homoni ileile ambayo tezi ilipaswa kuitoa. Haimdhuru mtoto anayenyonya. Inafanya kazi vizuri ikiheshimiwa: imeze asubuhi tumbo likiwa tupu, kwa maji matupu, kisha subiri nusu saa hadi saa nzima kabla ya chai. Vidonge vya kuongeza damu, vya kalsiamu na dawa za kiungulia vikae mbali nayo kwa saa 4. Mama anayebugia FEFO ya kuongeza damu na kidonge cha tezi kwa mkupuo mmoja ili asisahau anakuwa amemeza vyote na kupata nusu. Kama asubuhi zako ni za vurugu za mtoto, muulize daktari kama unaweza kumeza usiku, zikiwa zimepita saa 3 au zaidi tangu ule.

Damu hupimwa tena baada ya wiki 6 hadi 8, kwa kuwa TSH haiwahi kutulia kabla ya hapo. Katika miezi ya mwanzo ya dawa wengine huona nywele zikizidi kutoka na kuilaumu. Usiiache. Zinazotoka wakati huo ziliingia mapumzikoni kabla hujaanza kumeza.

Kwa tezi inayokimbia mambo hutofautiana. Kama ni ile inayovujisha akiba baada ya uzazi, dawa za kuizima hazina kazi. Wengine hupewa propranololi ya kutuliza moyo kwa muda. Kama ni ugonjwa wa Graves, ambao tezi inatengeneza homoni kupita kiasi, hapo kabimazoli au nyingine ya kundi lake huhitajika. Daktari anapaswa kutofautisha hayo mawili kabla ya kuandika, na una haki ya kumuuliza, "Daktari, hii ni Graves au ni ya uzazi?" Ukiwa kwenye kabimazoli ukapata homa na koo kuuma, acha kidonge kinachofuata na uende kupimwa chembe nyeupe za damu siku hiyo, ni nadra, lakini hakuna kusubiri. Na kama utaambiwa utumie madini ya aidini yenye mionzi, sema wazi kama una mimba au unanyonyesha, kwa kuwa wakati huo hayaruhusiwi.

Kwa aliyeshaanza dawa za tezi kisha akashika mimba, neno ni moja: usiache kwa hofu ya kumdhuru mtoto. Katika wiki za mwanzo ubongo wa mtoto hutegemea homoni ya mama, na tezi iliyolala bila dawa huongeza hatari ya mimba kuharibika na mtoto kuzaliwa kabla ya wakati. Wengi huhitaji dozi kuongezwa kwa robo hadi theluthi mara tu mimba inapothibitika, kwa hiyo nenda ukapimwe wiki hiyohiyo bila kungoja siku ya kufungua kadi ya kliniki, na damu irudiwe kila baada ya wiki 4 hivi mpaka katikati ya mimba. Anayetumia kabimazoli naye awahi, kwa sababu katika miezi 3 ya kwanza dawa hiyo ina hatari ya kumletea mtoto kasoro za maumbile na mara nyingi hubadilishwa. Ukijifungua, dozi ya levothairoksini kwa kawaida hurudi ilipokuwa kabla ya mimba, na TSH hupimwa wiki ya 6.

Chuma, chumvi na udongo

Upungufu wa damu nao hunyonyoa nywele, na kwetu ni wa kawaida kuliko tezi. Vidonge vya kuongeza damu ulivyopewa kliniki usivitupe kabatini mara mtoto alipotoka. Uliza uendelee navyo kwa muda gani. Dagaa, maini mara moja moja, nyama, maharage na mboga za majani vina chuma. Limao au chungwa husaidia kukifyonza, na chai ya rangi inayonywewa pamoja na chakula hukizuia. Isogeze chai saa moja mbele. Wachaga wanaomlisha mzazi mtori wa ndizi na nyama kwa wiki kadhaa wanajua wanachofanya. Kosa ni mzazi wa mjini anayerudi kwenye chai na chapati siku ya kumi kwa sababu hana msaidizi. Na ule udongo wa pemba unaotafunwa tangu mimba: kama bado unautamani mtoto akiwa na miezi minne, pima damu. Tamaa hiyo huendana na upungufu wa damu, na udongo wenyewe huzuia chuma kufyonzwa.

Tezi inahitaji madini joto, yaani aidini. Nyanda za juu kusini mwa Tanzania, Iringa, Mbeya na Rukwa, rovu lilikuwa jambo la kawaida kabla chumvi haijaanza kuwekwa madini hayo kwa kanuni za katikati ya miaka ya 1990. Nunua chumvi iliyoandikwa kwamba ina madini joto, ifunike, itie chakula kikikaribia kuiva. Kwa mama wengi yatosha. Vidonge vya mwani vinavyouzwa kwa jina la dawa ya tezi viepuke, kwa kuwa madini joto yakizidi mno yanaweza kuivuruga tezi kama yanapopungua. Sabuni ya mwani ya Zanzibar ni jambo jingine, hiyo hainywewi. Kabeji na kisamvu, ambavyo wengine huvihofia kwa ajili ya tezi, kula bila woga vikiiva vizuri. Vidonge vya kupunguza tumbo, hasa visivyo na maelezo ya vilivyomo, usiviguse: vingine vimewahi kukutwa na homoni ya tezi ndani yake.

Mkononi mwa msusi

Nywele zinazonyonyoka kwa sababu za ndani zitarudi. Zinazong'olewa na msuko wa kuvuta, mwaka baada ya mwaka, mwisho hazirudi, kwa kuwa shina lenyewe hufa. Mama ambaye zimeanza kupungua mbele hukimbilia rasta ndefu au wiving ili kuficha, na uzito huo unaangukia nywele zilezile zilizobaki. Nalihesabu hili kuwa kosa kubwa kuliko yote yanayofanywa katika miezi hii, na linafanywa kwa nia njema.

Suka mabutu makubwa, au kwa uzi, au acha wazi. Mwambie msusi kabla hajaanza: "Dada, nisukie kwa kulegeza, na hizi za mbele usizikamate." Ukihitaji vidonge vya maumivu usiku wa kwanza, msuko umekazwa, fumua. Vyovyote iwavyo, fumua baada ya wiki 4 hadi 6. Dawa ya kulainisha na pasi ziwekwe kando mpaka kunyonyoka kutulie. Wigi lisilo na gundi linafaa, mradi unalivua nyumbani. Wavaa ushungi walegeze kile kitambaa cha ndani na wasifunge nywele zikiwa mbichi. Hina ya majani haina neno. Piko na rangi nyeusi zenye kemikali kali huweza kuchubua ngozi ya kichwa. Osha nywele kama kawaida, kwa kuwa usipoosha zinakungoja tu siku utakayoosha. Na kunyoa ndogo ni uamuzi mzuri kwa anayeutaka: hakuoteshi nywele nyingi zaidi, kunampunguzia mtu mawazo na kazi. Minoksidili ya kupaka haitumiwi wakati wa mimba, na ukiwa unanyonyesha usiinunue bila daktari.

Ukiona kitu kingine, usikae na mwongozo huu. Kipara laini cha duara kama sarafu, mapunye yenye magamba, au utosi unaowasha, kuungua na kung'aa huku ukizidi kupanuka, ni magonjwa mengine. Hilo la utosini huacha kovu na linahitaji kuwahiwa. Si lazima umpate bingwa: kwenye hospitali ya KCMC mjini Moshi kuna kituo ambacho tangu miaka ya 1990 kimewafundisha maofisa tabibu magonjwa ya ngozi, kwa hiyo uliza kama mkoani kwako yupo.

Mtoto na unywele mmoja

Katika miezi hii nywele zako ziko kila mahali, pamoja na ndani ya soksi na nepi za mtoto. Unywele mmoja unaweza kujizungusha kwenye kidole cha mguu, cha mkono, au kwenye uume wa mtoto, ukakaza mpaka damu isipite. Mtoto akilia bila kunyamaza na hujui sababu, mvue nguo zote uangalie vidole kimoja kimoja. Geuza soksi ndani nje kabla ya kumvisha. Ukikuta kidole kimevimba na kina mkunjo uliobana, na unywele hautoki mara moja, kimbia hospitali.

Moyo nao

Atakayekwambia "nywele tu hizo, shukuru Mungu una mtoto" amesema ukweli usiosaidia. Mwanamke ambaye mwili wake umebadilika wote kwa mwaka mmoja ana haki ya kuhuzunikia nywele zake. Lakini huzuni ikikaa zaidi ya wiki mbili, ukawa hutaki kumshika mtoto, huli, au unawaza kujidhuru, hilo limepita nywele. Mwambie mtu leo, na nendeni pamoja hospitali. Waombe wapime na tezi, kwa sababu iliyolala huweza kuleta hali hiyohiyo au kuizidisha.

Ukishatibiwa, jipe muda unaolingana na nywele zenyewe. Hukua kama sentimita 1 kwa mwezi, na kwa nywele zetu za Kiafrika mara nyingi pungufu kidogo. Aliyeanza dawa ya tezi mwezi huu asitegemee kuona tofauti kabla ya miezi 3 hadi 6, na ujazo wa zamani unaweza kuchukua mwaka au zaidi. Zikirudi, endelea kumeza kidonge mpaka daktari aliyekuandikia akwambie uache.